Madamu wa Mbio na Vitambaa Vinne Mkononi Mwangu

Jumanne, tarehe 20 mwezi wa kwanza. Mvua ilianza kabla ya jogoo, ikakatika saa mbili, kisha jua likatoka kali na matope ya mbele ya kibanda changu yakaanza kutoa mvuke. Hakuna aliyeleta baisikeli. Basi nina nafasi ya kuandika juu ya Madamu, jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu nirudi kutoka Wamaza juzi.

Mimi si mtu wa kalamu. Niliishia darasa la sita, na mengi ninayoyajua kuyaandika nimejifunza katika daftari hili hili. Pale ninapokumbuka kwa hakika nitaandika hivyo, na pale ninapokisia nitasema ninakisia.

Madamu alikuwa mwalimu wa mazoezi katika shule ya wasichana hapa Kasongo. Nyumba yake ilitazamana na kibanda changu cha kutengeneza baisikeli, ng'ambo ya barabara. Walimu wote wanawake kwetu huitwa Madamu, lakini ukisema Madamu tu, bila kuongeza neno, mtaa mzima ulijua unamsema yeye. Alikuwa mwembamba, mrefu kidogo kuliko mume wake, na alivaa koti la michezo juu ya kikwembe hata akienda sokoni. Firimbi yake aliifunga kwa kamba ya kiatu. Mume wake alikuwa fundi wa mbao, mtu mpole, na sikumbuki kumsikia akipandisha sauti hata siku moja. Kazi hiyo ilikuwa ya mke.

Saa ya kupimia mbio hakuwa nayo. Alikuwa na saa ya mezani, ile ya kuamshia watu, yenye masikio mawili ya chuma, akitembea nayo ndani ya mfuko wa nguo. Wasichana walipokimbia, aliitoa akaishika kifuani kama mtu aliyeshika kuku. Jumapili moja ililia kanisani katikati ya mahubiri. Watu wakageuka. Yeye hakuizima upesi kama ambavyo ningefanya mimi. Aliitazama kwanza, akaandika kitu kwenye kikaratasi, ndipo akaizima. Baadaye aliniambia kwamba alitaka kujua kama bado inakwenda sawa na saa ya padri. Ilikuwa nyuma kwa dakika mbili, na wiki nzima iliyofuata alikuwa na hasira, kwa sababu alikuwa amemsifu msichana mmoja kwa dakika ambazo hazikuwa zake. Akaenda hadi nyumbani kwa yule mtoto kumwambia. Nilimuuliza, si ungenyamaza tu, mtoto amefurahi? Akasema mbio ni kitu cha kweli, na kama utaitia uongo, bora ubaki nyumbani kutwanga.

Neno hilo linanichoma mpaka leo. Sababu yake nitaifikia.

Kitu alichokijua kuliko watu wote ni shingo. Wasichana wanaotoka mashambani hubeba kikapu mgongoni, na mkanda wa kikapu hupita kwenye paji la uso. Anayebeba hivyo tangu utoto huinamisha kichwa na kuona vidole vya miguu yake tu. Wakija kwa Madamu, walikimbia vivyo hivyo, kichwa mbele kama mbuzi anayevutwa, hata mgongo ukiwa mtupu. Wengine mikono yao ilipanda yenyewe kushika mkanda usiokuwepo. Madamu aliketi mlangoni mwake, msichana akipita barabarani bila mzigo wowote, akaniambia kutoka ng'ambo, "Ule iko na kikapu." Wakati huo nilidhani anatania.

Kuwanyoosha ilichukua miezi. Aliwatembeza na daftari kichwani, kisha bila daftari, kisha mbio polepole, akiimba nyuma yao, "Kichwa, kichwa, kichwa." Lakini aliwapenda hao wa kikapu kupita kiasi. Alisema mapafu yao yamekwisha kufanya kazi ya miaka kumi bila mshahara. Wasichana wa mjini, wenye maduka, aliwadharau waziwazi, akiwaita "watoto wa kiti". Hiyo haikuwa haki. Mmoja wa hao watoto wa kiti alikimbia kwa suruali na mtandio, vizuri sana, akaacha kwa sababu ya maneno hayo tu. Nilimwambia Madamu. Niliona alisikia.

Shida yake kubwa haikuwa wasichana, ilikuwa mama zao. Saa ya mazoezi ni saa ya maji. Mama anauliza, mtoto akienda kuzungukazunguka uwanjani, nani atachota? Walimu wengine wangewahubiria. Madamu alikwenda kwa mama mmoja mmoja, akaketi kwenye kigoda, akasaidia kuchambua sombe, yale majani ya muhogo, akauliza nyumba hii inahitaji bidoni ngapi za maji kwa siku. Mama akasema sita. Siku ya pili yake, baada ya mazoezi, timu nzima ikaja kwa mstari kutoka kisimani, kila msichana na bidoni yake, wakajaza kila chombo cha nyumba ile, hata sufuria. Kesho yake nyumba nyingine. Mama ambaye mtoto wake hakukimbia alianza kuona wivu. Nilimsikia mmoja akimwambia binti yake, kwa ukali, "Wenzako wanakimbia, weye unakaa hapa kunitazama? Maji yetu italetwa na nani?"

Nilicheka siku ile. Madamu hakucheka. Alikuwa anahesabu zamu.

Niseme na yale ambayo sikuyapenda. Alikuwa na fimbo, na aliwachapa nayo kwenye mashavu ya miguu waliochelewa. Msichana aliyepata mimba alimfuta kwenye orodha, na tangu siku hiyo hakumwamkia, hata wakikutana kwenye mlango mwembamba wa kanisa. Yeye aliyepigania wanawake wakimbie barabara ileile ya wanaume, nyumbani alipiga magoti kumpa mume wake maji ya kunawa, na mume akiingia jikoni alimfukuza kama paka. Nilimuuliza mara moja imekuwaje. Akasema, "Nyumba ni yangu, ninaiendesha vile ninataka. Barabara ni ya serikali." Sijui kama hilo ni jibu. Nimelifikiria miaka mingi na bado sijui.

Sasa mbio yenyewe. Kila mwaka, sikukuu ya wanawake, mwezi wa tatu, komite ya mbio ya mtaa wetu huandaa mashindano. Wanaume walikimbia kutoka sokoni hadi darajani na kurudi. Wanawake nao walikuwa na yao, mbio ya beseni: unaweka beseni la maji kichwani, unakimbia kutoka mwembe mmoja hadi mwingine, na mwenye maji mengi ndiye mshindi. Watu walikuja hasa kwa ajili ya hiyo. Walicheka mpaka machozi, na mimi pia nilicheka.

Madamu alikwenda kwenye komite kila mwaka kuomba wanawake wakimbie barabara. Prezida wa komite, mfanyabiashara wa mchele, mtu mwenye tumbo na heshima, kila mwaka alimjibu vizuri na kumrudisha. Mwaka mmoja nilikuwepo, nikitengeneza minyororo ya baisikeli za komite. Prezida akasema, "Madamu, beseni inafurahisha watu. Wanawake wenyewe wanaipenda."

"Ni mbio nzuri, Prezida," akasema Madamu. "Juu ya nini munawanyima wanaume?"

Wakadhani ni utani. Siku ya sikukuu alikuja na mabeseni kumi na mbili, yamejaa, akayapanga mstarini mbele ya watu wote, akawaita wanaume kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia wale waliojisifu sana. Kukataa mbele ya wanawake haikuwezekana. Wakaweka beseni kichwani. Watatu walilowa kabla ya firimbi. Waliobaki walitembea kama watu waliokanyaga mayai, na wanawake wa mtaa wakawa na siku yao.

"Shemeji, bibi yako atapikia nini leo?"

"Tembea, baba, mvua imekwisha!"

Hakuna aliyefika na maji ya kujaza kikombe. Prezida mwenyewe alicheka mpaka akashika mti. Lakini alikuwa mtu wa akili, aliona pia kwamba mwaka unaofuata hakuna mwanamume atakayetaka kusikia neno beseni. Wiki ile ile Madamu alipewa jibu: mwaka ujao wanawake watakimbia hadi darajani, barabara ileile, umbali uleule, dakika kumi nyuma ya wanaume. Na wa kwanza wao atapelekwa Kindu kushindana na wa mkoa mzima, kama wa kwanza wa wanaume.

Mwaka huo nitauandika polepole.

Madamu alikuwa na msichana mmoja kutoka upande wa Lusangi, anayeishi hapa kwa shangazi yake. Wa kikapu. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kichwa chake kilikuwa kimenyooka kabisa. Alikimbia bila kelele, hata kandambili za watu waliosimama zilisikika kuliko miguu yake. Madamu hakumsifu, jambo ambalo lilituonyesha sote anamtegemea.

Komite ilinipa mimi kazi ya darajani. Kila mkimbiaji akifika pale hupewa kipande cha kitambaa, akirudi sokoni anakionyesha, ili asije mtu akageukia njiani. Nilipewa vitambaa kumi na vinane vyekundu vya wanaume. Vya wanawake, wakasema, vitaletwa na pikipiki, maana wanawake watachelewa.

Hawakuchelewa. Wanaume kumi na wanne walikuwa wamekwisha kupita, wanne hawajaonekana bado, na pikipiki haijaja, nikamwona yule msichana anateremka kuja darajani. Yuko peke yake. Amewapita wanne wa wanaume njiani. Akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa na vitambaa vinne katika mkono wa kushoto.

Sikumpa.

Nataka niandike ilivyokuwa, bila kuipamba. Sikuwa na chuki naye. Nilifikiri tu kwamba vile vinne vimehesabiwa kwa wanaume, na nikivipunguza nitaulizwa. Nikamwambia, "Mama, vyenu vinakuja. Ngoja." Akanitazama. Mkimbiaji hawezi kungoja. Akagusa ukuta wa daraja kwa kiganja, ili nione, akageuka akaondoka. Baada ya muda mfupi pikipiki ikafika, na wasichana wengine wote walipata vitambaa vyao.

Sokoni alifika wa kwanza wa wanawake, mbali sana na wa pili. Komite ikauliza kitambaa. Hana. Wakamwambia amegeukia njiani. Madamu akasema muulizeni mtu wa darajani. Nikaletwa kwa pikipiki, watu wamejaa, Prezida ananitazama, na nikaona swali la pili likija nyuma ya lile la kwanza: kama alifika, kwa nini hukumpa?

Nikasema, "Sikuona vizuri. Walikuwa wengi."

Hawakuwa wengi. Alikuwa mmoja.

Wa pili ndiye aliyepelekwa Kindu. Sisemi kulikuwa na hila, maana sikuiona, na yule wa pili alikimbia kwa haki yake. Shangazi wa yule wa Lusangi alisema mbio zimempa mtoto aibu ya uongo, akamwondoa shule mwisho wa mwaka. Wasichana wa Madamu waliendelea kukimbia kila mwaka, na sasa ni jambo la kawaida, watoto hawajui kama kulikuwa na beseni. Lakini katika karatasi za komite, mwanamke wa kwanza kukimbia barabara ile akashinda ni mwingine.

Na Madamu? Alinitazama mara moja tu siku ile. Kesho yake aliniamkia kama kawaida. Alileta baisikeli yake kwangu kila ilipoharibika, miaka yote hadi alipostaafu, akanisalimia mke wangu, akaniuliza habari za watoto. Hakutaja daraja hata mara moja. Watu wakiniambia siku hizo kwamba ninatengeneza baisikeli ya Madamu vizuri kuliko za wengine, nilikuwa nainamisha macho kwenye kazi.

Mume wake alipofariki, Madamu alihamia Wamaza, kwa dada yake mwenye mashamba. Jumamosi iliyopita nilikwenda huko kwa matanga ya upande wa mke wangu. Njia ilikuwa mbaya lakini tulivu. Matanga yalipokwisha, nikauliza nyumba yake, nikaelekezwa.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia, anaanika mpunga. Amezeeka. Goti la kulia limevimba, na fimbo aliyokuwa akichapia wasichana, au nyingine kama hiyo, sasa anaitembelea. Akanitazama kwanza miguu, kama alivyowatazama watu wote, ndipo uso.

"Baba wa baisikeli," akasema. "Umekuja na ya nani?"

Nikasema nimekuja na ya kwangu mwenyewe. Kisha nikamwambia yote, darajani, vitambaa, mkono wa kushoto, hofu yangu ya kuulizwa. Nilisema nikiwa nimesimama. Sikuambiwa niketi.

"Mukono wa kushoto, ndiyo," akasema. "Mutoto aliniambia jioni ileile."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mbele ya komite.

"Ningesema, wangekuuliza tena, na weye ungesema uongo mara ya pili mbele ya watu walewale. Mutu wa uongo mumoja anaweza kurudi. Mutu wa mbili, hapana. Nikangoja." Akageuza mpunga kwa kiganja. "Nilifikiri itakuwa mwaka mumoja. Hukuwa na haraka."

Akatoa simu kwenye koti lake, lile lile la michezo, limepauka, akatafuta namba kwa shida, akapiga. Aliposikia sauti alisema tu, "Mwanangu, iko mutu hapa anataka kukwambia kitu," akanikabidhi.

Alikuwa yule msichana wa Lusangi, siku hizi yuko Salamabila. Anawapikia wachimba dhahabu, ana watoto wawili. Nyuma yake nilisikia sahani na vijana wakidai ugali. Nikajitaja. Nikamwambia kwamba nilimwona akigusa daraja, kwamba vitambaa nilikuwa navyo, kwamba nilidanganya mbele ya watu.

Nilitegemea atanitukana. Nilikuwa tayari.

"Baba," akasema, "siku ile nilikupita wa ngapi?"

Hilo nililijua. Ndilo jambo ambalo sijawahi kulisahau. "Wa kwanza wa wanawake. Kwa wote, wanaume pamoja, wa kumi na tano."

Kijana mmoja kule akaita apewe supu.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Wa kumi na tano," akasema yeye, polepole, si kwangu. Kisha, "Niko na wateja, baba," akakata.

Hakusema amenisamehe, na sitaandika kwamba alisema.

Madamu alichukua simu yake, akaifuta skrini kwa kikwembe. Nilidhani mambo yamekwisha. Akauliza kama bado nina yule binti wangu mdogo. Nikasema ninaye, amefika miaka kumi na minne. Anakimbia? Nikasema hapana, ana kazi nyumbani, mama yake anaumwa mgongo. Akauliza wavulana wangu ni wangapi. Nikasema watatu.

"Wote watatu hawana mikono?"

Nikaanza kusema kuhusu desturi. Nikakumbuka alivyokuwa akipiga magoti mbele ya mume wake, nikafikiri nimkumbushe, na nadhani aliliona neno likija.

"Mimi nilikosea nyumbani kwangu," akasema. "Nilipigania barabara, nikaona inatosha. Usiniige."

Hilo sikuwahi kulitarajia kutoka kwake. Alirudia mpunga wake. Nilipoaga alinipa ndizi za njiani, akaniambia matairi yangu yamelegea.

Jana nilikwenda kwa Prezida. Bado ni yeye, tumbo limepungua. Nikamweleza. Alikasirika kidogo, si kwa uongo wangu, bali kwa kumletea jambo la zamani. "Sasa unataka tufanye nini, baba? Turudishe mwaka?" Nikasema nataka jina la yule wa Lusangi liandikwe mahali pake. Akafikiri. Akasema karatasi ya komite haibadilishwi na neno la mtu mmoja ofisini, lakini kama nitasimama sikukuu ya mwezi wa tatu, mbele ya watu, kabla wanawake hawajaondoka mstarini, na kusema nililolisema kwake, ataliandika palepale, na wote watashuhudia. Nadhani alitumaini nitakataa.

Nimekubali. Ninaogopa sana. Nimejaribu kuliandika neno nitakalosema, mara nne, na kila mara linaanza kwa kujitetea. Nimelifuta.

Leo saa kumi binti yangu alikwenda uwanjani kwa mara ya kwanza, na ndugu zake wakabaki jikoni. Mke wangu aliwaelekeza kutoka kitandani, kwa sauti ambayo jirani walisikia. Tulikula wali ulioungua chini na kubaki mgumu juu, na maharagi yaliyowekwa chumvi mara mbili kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake hakuweka. Binti alirudi amechelewa, akala sahani mbili.